Mchuzi Uliozidi Sukari

Mchuzi mtamu na mchuzi wenye sukari ni vitu viwili mbalimbali, ingawa lugha yetu imevipa neno moja. Mpemba akiusifu mchuzi wa pweza kuwa ni mtamu, husifu chumvi iliyokolea, tui lililoiva na ukali wa ndimu. Sukari haimo katika sifa hiyo.

Jinsi mchuzi unavyoharibika si siri. Kitunguu kikikaangwa kwa muda mrefu hutoa utamu wake. Tui nalo lina utamu, na tungule zilizoiva hali kadhalika. Mpishi aliyetumia tungule za mkebe, akaziona kali, hutia kijiko cha sukari, kisha huongeza sosi ya chupa ili rojo lipate rangi. Nyingi katika sosi hizo, moja ya tano ya uzito wake au zaidi ni sukari. Hapo mchuzi umekwisha kuwa halua, na halua ina mahali pake, pamoja na kahawa.

Dawa ya ulimi iko mitini kwetu. Ukali huufunika utamu, na ukali hatujaukosa kisiwani humu: ukwaju, ndimu, embe mbichi na birimbi. Ukwaju ndio tunaoupendelea. Huroweka katika maji ya moto, ukakamuliwa na kuchujwa, kisha hutiwa kidogo kidogo huku mchuzi ukionjwa, kwani aliyeumimina wote kwa pupa atarudi kwenye kopo la sukari, na ugonjwa utaanza upya. Ndimu ina adabu yake: ikitiwa hali tui linatokota, tui hukatika. Chungu kiepuliwe kwanza. Chembe ya chumvi husaidia pia, ila si zaidi ya chembe.

Lakini lipo jambo ambalo hatuna budi kulisema waziwazi, hasa kwa waheshimiwa wanaosimamia majiko ya shule, hospitali na ofisi. Ndimu huudanganya ulimi tu; haiondoi hata punje moja ya sukari iliyokwisha tiwa. Mwenye ugonjwa wa kisukari aliyepakuliwa mchuzi huo ataula kwa amani, na sukari itamfika mwilini ile ile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika chakula, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 50, na nusu yake ni bora zaidi. Chai yetu peke yake yaweza kuzimaliza kabla ya adhuhuri!

Anayetaka kuipunguza sukari yenyewe hana njia ila kupika rojo jingine lisilotiwa sukari, akachanganya yote mawili na kuwapakulia watu wengi zaidi. Ni gharama, lakini ni gharama ya kijiko kilichotiwa bila kuonja.

Kwa hiyo tungependa maofisa wanaotia saini orodha za ununuzi waipunguze sosi ya chupa, na mahali pake paandikwe ndimu na ukwaju kutoka kwa wakulima wa Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Na mchuzi wa wagonjwa upikwe mbali tangu mwanzo. Chungu kidogo chatosha.