Mkate wa wanane, walaji wawili

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mbulu mjini inapoingia hadi kwenye mifupa, mkate wa nyumbani hauwahi kuota ukungu. Unawahi kuwa mgumu. Umeokwa Jumamosi jioni, Jumatatu asubuhi unashindana na kisu, na lawama zote zinaangukia unga au hamira ya zamani. Mara nyingi unga hauna kosa. Kosa ni la baridi.

Mkate ukishapoa, wanga uliolainishwa na maji na moto huanza kujipanga upya na kukaza. Kazi hiyo huenda mbio zaidi kwenye ubaridi wa kadiri, nyuzi chache tu juu ya sifuri. Ndiyo maana friji, ambayo tumezoea kuikabidhi kila kilichobaki mezani, haifai kwa mkate: inazuia ukungu, lakini inaukausha ladha na kuufanya mgumu upesi kuliko kabati. Na jiko la nyumba ya Dongobesh usiku wa Julai linausogelea ubaridi huo. Ila ukishuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, kwenye friza, ule ukazaji karibu unasimama kabisa. Mkate unatoka jinsi ulivyoingia.

Zamani hapakuwa na haja ya kuyajua haya, kwa sababu mkate haukubaki. Sasa nyumba zimepungua watu. Sensa ya 2022 ilikuta kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, na ndani ya wastani huo wamejificha wazee wawili ambao watoto wao wako Arusha na Dodoma, na muuguzi kijana anayepanga chumba Haydom. Walaji wamepungua, lakini jiko ni lilelile. Anayeoka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, anajua kwamba moto wa skonzi sita ndio moto wa skonzi ishirini. Kuwasha mkaa kila baada ya siku mbili kwa ajili ya watu wawili ni kuchoma hela. Kuoka mara moja kwa wingi ndiyo akili. Swali ni pa kuweka.

Na hapa wenyeji hawana urithi wa kuegemea. Mahindi wanajua kuyahifadhi, maziwa wanajua kuyagandisha kwenye kibuyu. Ngano ya wingi ilikuja kwa mlango mwingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kanada iliisaidia NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, kulima ngano kwa matrekta kwenye nyanda za Basotu, wilayani Hanang, mashamba saba yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Ni ardhi ambayo Wabarbaig walikuwa wakilishia ng'ombe wao, na walifika hadi mahakamani kuidai. Ngano yenyewe ilikwenda kulisha mikate ya mijini. Nyumbani iliingia pole pole, kama kitafunwa cha chai na keki ya kipaimara, si kama chakula cha kuwekwa akiba.

Basi jibu ni friza, na tuanze na subira. Mkate uache upoe mpaka katikati, saa mbili au zaidi. Ukiufunga ungali na joto, mvuke unageuka chembe nyeupe za barafu, na siku ya kuuyeyusha unakuwa chapachapa. Ukate vipande kwanza, ndipo ugandishe. Asubuhi utachomoa viwili bila kuusumbua mkate mzima. Funga kwa kubana, hewa isibaki, maana hewa kavu ya friza ndiyo inayonyonya maji na kuacha madoa yaliyopauka. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini kopo tupu la siagi lenye mfuniko unaokaa sawasawa linatosha, mradi ulijaze. Andika tarehe juu yake. Ndani ya miezi miwili au mitatu ladha bado ni ileile. Baada ya hapo haukudhuru, unachosha tu.

Chapati ndizo zinazogandishika vizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu. Weka kipande cha karatasi ya kuokea kati ya moja na nyingine, na kutoka friza zinaenda moja kwa moja kikaangoni, moto mdogo, mfuniko juu. Maandazi yanataka vivyo hivyo, bila mafuta ya ziada. Skonzi ziache mezani zimefungwa hadi zilegee, ndipo zipashwe. Keki kavu haina shida. Iliyopambwa kwa sukari ya unga, gandisha keki peke yake na uipambe siku ya kula, vinginevyo mapambo yatatoka jasho.

Tatizo la huku ni kwamba friza nyingi zipo kwa biashara: barafu za watoto, maji, soda, nyama ya wikiendi. Mfuniko unafunguliwa kutwa nzima, na mkate unaonuka samaki hauna dawa. Mwenye friza ya namna hiyo autenge pembeni chini, ndani ya kopo, mbali na nyama mbichi. Umeme ukikatika, usifungue kuchungulia. Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa hushikilia ubaridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24, kwa hiyo chupa za maji zijaze mapengo. Umeme ukichelewa kuliko hapo, nyama ndiyo ya kuhofia. Mkate ulioyeyuka ni wa kula siku hiyohiyo au kesho yake. Ukiurudisha kuganda mara ya pili utatoka mkavu kama maranda, na hapo wa kumlaumu si unga wala hamira.