Umeme wa magari Tukuyu: alamu zinauzwa, ujuzi unafuatwa Mbeya

Gari la mtumba kutoka Japani likifika Tukuyu, fundi wa kwanza kuligusa si wa injini wala wa bodi. Ni wa umeme. Redio yake ilitengenezwa kwa masafa ya Kijapani yanayoanzia 76, na za zamani huishia 90, hivyo stesheni nyingi za hapa haziingii mpaka kifungwe kiongeza masafa. Yupo pia yule mama anayetangaza kwa Kijapani, kila ufunguo unapozungushwa, kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Naye hutafutiwa waya wake akanyamazishwa. Kisha mwenye gari anaulizwa swali ambalo wachache hulikataa: bosi, tukufungie na alamu?

Hapo ndipo mafundi wa umeme wilayani Rungwe wanapopata fedha ya haraka. Mkulima wa parachichi aliyeuza vizuri, mwalimu aliyekopa kwenye chama cha akiba, mwenye Noah inayobeba abiria wa Lwangwa, wote wanaiona alamu kama sehemu ya ununuzi wa gari. Ni kazi ya saa chache na malipo ni mkononi. Mchango wake kwa kipato cha banda la fundi hauonekani popote kwenye hesabu za wilaya, kwa sababu risiti ni chache na mabanda mengi hayana hata kibao. Lakini ukikaa nao asubuhi moja utasikia kwamba kinachowalisha mwaka mzima si kufunga vitu vipya. Ni kufumua vilivyofungwa vibaya.

Sababu ya kwanza ni mvua. Zipo sehemu za Rungwe zinazopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na wenyeji hawahitaji kipimo kuambiwa hivyo. Waya uliokatwa kwa kisu, ukasokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi, unaweza kudumu miaka kwenye joto la Dar es Salaam. Huku, chini ya zulia la gari ambalo halikauki tangu Novemba hadi Mei, kiungo hicho huota kutu ya kijani. Umeme unapita ukitaka, na usipotaka haupiti. Alamu inalia usiku bila mwizi, milango inajifunga yenyewe, honi inagoma.

Sababu ya pili ni betri, na hapa hesabu ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Gari zima likiwa limezimwa halipaswi kuvuta zaidi ya takriban miliampea 50, kiasi cha kutunza saa, kumbukumbu ya kompyuta na sentro loku. Betri ya ampea-saa 50 ikitolewa kiasi hicho itachukua zaidi ya mwezi kuisha. Alamu iliyoungwa ovyo, au rilei iliyoganda, ikivuta nusu ampea tu, betri hiyo hiyo inakwisha kwa siku nne. Kwa dereva wa Noah anayeamka saa kumi alfajiri kila siku, kasoro hiyo haionekani, maana injini inarudisha chaji kabla hajajua. Kwa anayelitoa gari Jumapili kwenda kanisani, Alhamisi limeshakufa. Ananunua betri mpya. Baada ya wiki, ile mpya nayo imelala.

Fundi anayejua kazi hakimbilii kuuza betri. Anapima kwanza: betri nzima iliyotulia husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Ikipanda, jenereta haina kosa. Kisha anachomoa hasi, anaweka mita kati ya waya na kichwa cha betri, anafunga milango na kusubiri gari lilale. Halafu anachomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba kwenye mita ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo inayoonyesha njia ya mwizi wa chaji. Tatizo ni kwamba alamu nyingi za kufungiwa mtaani hazipiti kwenye boksi la fyuzi kabisa. Zimedokolewa moja kwa moja chini ya usukani, na kuzifuata kunaweza kula nusu siku.

Fundi mmoja mwenye banda si mbali na stendi ya Tukuyu, aliyeomba asitajwe kwa kuwa wateja wake na trafiki wanaomsimamisha ni watu wale wale, anasema nusu siku hiyo hailipwi. Mteja anaona ametoa fedha bila kukabidhiwa kifaa kipya, na anauliza fundi amefanya nini. Kwa hiyo, anadai, mafundi wengi wamejifunza kubadilisha kitu hata pasipo haja, ili bei ipate mahali pa kusimama. Anasema hivyo bila kuona haya, na ni vigumu kumlaumu peke yake. Soko la Tukuyu linalipa kifaa. Halilipi akili.

Malalamiko yake ya pili ni spea. Wateja wameshaonywa kwamba fundi huweka cha juu, hivyo wanakwenda dukani wenyewe na kurudi na rilei au balbu ya bei ya chini kabisa. Ikiungua baada ya siku tatu, anayetafutwa ni fundi. Anasema ameacha kabisa kutoa dhamana kwa kifaa ambacho hakukinunua yeye, na kwamba uamuzi huo umemgharimu wateja.

La tatu ndilo lililomkaa rohoni. Magari yanayoingia sasa, hata yale madogo ya bei nafuu, mengi yana imobilaiza. Kwenye kichwa cha ufunguo kuna chipu isiyotumia betri. Koili iliyozunguka swichi ya kuwashia inaiamsha, chipu inatoa namba yake, na kompyuta ya gari ikiitambua ndipo injini inaruhusiwa kuwaka. Isipoitambua, staata inazunguka vizuri lakini injini haipati moto au mafuta ya kuendelea. Ulaya iliufanya mfumo huu kuwa wa lazima kwa magari mapya mwaka 1998. Kwa magari ya Japani yanayokuja huku, inategemea: IST mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana, moja ikiwa na chipu na nyingine haina. Na gari la mnadani mara nyingi huja na ufunguo mmoja tu.

Ufunguo huo ukipotea shambani Masoko au Kandete, fundi wetu ndiye anayeitwa kwanza. Anafika, anapima, anagundua kwamba gari halina ubovu wowote. Linakataa tu kumtambua aliyelishika. Kinachohitajika ni mashine ya kusomesha ufunguo mpya, programu yake iliyolipiwa, na mtu aliyewahi kuitumia. Yeye hana. Gari linafungwa kamba na kuvutwa kupitia Kiwira na Isongole mpaka Uyole na Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 60 za mlima na ukungu, na fedha ya kazi inaishia huko. Yeye analipwa nauli ya bodaboda na asante. Anasema alichofundishwa na aliyemkuza katika ufundi ni balbu, staata na jenereta, na kwamba mashine moja ya maana inaweza kula faida yake ya misimu kadhaa bila uhakika wa wateja wa kuirudisha.

Ni malalamiko ya haki, ila yana upande ambao hapendi kukaa nao. Mteja anapotaka gari liwake leo hii, wapo mafundi wanaoipita imobilaiza kwa kuitoa kwenye mfumo, kisha wanamfungia mteja swichi ya siri chini ya kiti na alamu ya mtaani kama kitulizo. Alipobanwa kidogo alikubali kwamba naye hufanya, "inapobidi". Maana yake gari lililotoka kiwandani na ulinzi ambao mwizi wa kawaida hauwezi linaondoka bandani na ulinzi ambao fundi yeyote mwingine anaujua. Katika mji wenye mafundi wa umeme wanaofahamiana kwa majina ya utani, swichi ya siri si siri sana.

Isitoshe, kinachoibwa mara nyingi si gari zima. Barabara kuu ya lami ni moja, juu Uyole na chini Kyela hadi mpakani Kasumulu, na gari la wizi lina njia chache za kupotelea, ingawa mpaka wenyewe si mbali. Kinachoondoka ni vioo vya pembeni, taa za nyuma, betri na redio, na kwa magari ya kisasa kontroli boksi. Alamu ingepaswa kusikia mtikisiko wa mtu anayebandua kioo. Lakini kwa ngurumo za radi na matone yanavyopiga Rungwe, mwenye gari hulazimika kuipunguza usikivu ili majirani walale, na ikishapunguzwa haimsikii tena mwizi mwenye mkono mwepesi. Wauzaji wa vifaa vya kufuatilia gari kwa simu wanasema hilo ndilo jibu. Labda. Kifaa hicho kinahitaji laini yenye salio na mtandao unaoshika, na mabonde ya Busokelo hayaahidi yote mawili.

Upande wa taa na indiketa, biashara inaendeshwa na trafiki zaidi kuliko na usalama. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, na balbu ya indiketa ya wati 21 ni kitu kidogo mno ukilinganisha, kwa hiyo balbu zinauzwa. Zinauzwa zaidi inapokaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama, msimu wa stika. Dereva mzoefu anajua kwamba indiketa ikianza kukimbia, kuna balbu iliyokufa upande huo: rilei ya zamani inaenda mbio mzigo unapopungua. Wengi sasa wanaweka taa za LED, ambazo mzigo wake ni mdogo, na indiketa inakimbia hata kama zote ni nzima. Fundi anatatua kwa kufunga rilei ya kielektroniki isiyojali mzigo. Kero inaisha, na pamoja nayo onyo pekee ambalo dereva alikuwa nalo. Mara ya pili balbu ikifa, ataambiwa na aliyemgonga.

Pale Isongole na Ntokela ukungu unaposhuka mchana, tabia ya kutembea na hazadi imekuwa sheria isiyoandikwa. Fuso la viazi linawasha hazadi, linataka kukata kulia, na nyuma yake hakuna anayeweza kujua, kwa sababu hazadi imeshaifuta indiketa. Mafundi hawapati kitu hapo. Wa bodi ndio wanaopata.

Ofisa mmoja anayehusika na ukaguzi anasema hali ni nzuri, na kwamba chombo chenye stika kimekaguliwa taa, honi na breki. Hakutoa jedwali, wala hakueleza ni vingapi vilirudishwa kwa ubovu. Fundi wa stendi ana maelezo mengine: anasema wapo wanaoazima balbu za nyuma asubuhi na kuzirudisha jioni. Huenda anatia chumvi. Ila stika, kwa namna yoyote unavyoitazama, inathibitisha kwamba taa ziliwaka siku moja, na masika ya Tukuyu ni marefu. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na haijawahi kukosa kifungu cha taa. Kinachokosekana ni mtu wa kukanyaga breki huku mwingine akitazama nyuma.

Ofisa huyo anasifu pia mpango wa kuwatambua mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Ni mpango wenye faida kwa anayetafuta zabuni au mkopo. Kwa fundi anayetazamwa na gari lisilomtambua, cheti hakisomeshi ufunguo, na vyuo vya jirani navyo vina magari ya kufundishia ambayo umri wake wakufunzi hawapendi kuutaja.

Mwenye duka la spea anayehudumia mabanda kadhaa haoni shida. Betri zinatoka mwaka mzima, anasema. Bila shaka zinatoka.

Kuhusu mwaka ujao, kila mtu ana jibu lake. Bei ya parachichi ikikaa vizuri, magari yataongezeka na alamu zitafungwa. Yameanza kuonekana magari ya mseto, yenye betri kubwa ya zaidi ya volti 100 na nyaya za rangi ya chungwa ambazo taa ya kupimia ya volti 12 haina biashara nazo. Hatari kwa fundi asiyefunzwa ni ya kupoteza maisha, na hakuna niliyezungumza naye aliyewahi kufunzwa. Vijana wengi wanaojifunza sasa wanakwepa magari na kuhamia pikipiki. Alamu ya bodaboda inafungwa upesi, inalipwa papo hapo, na haina kompyuta ya kuleta ukaidi.

Mafundi wachache wa magari wanazungumzia kuchangishana wanunue mashine moja ya kusomesha funguo, ili fedha ibaki Tukuyu. Kuhusu kiasi cha kuchanga hawana ugomvi mkubwa. Wanachobishania ni mashine ilale banda la nani.