Je, Kibarua Aweza Kulazimishwa Kuingia Chama cha Wafanyakazi?

Mkulima wa skimu mwenye ekari chache za chai huajiri watu watano au sita wa kuchuma. Siku moja karani wa chama cha wafanyakazi afika kuwaandikisha. Wawili wakubali, wengine wakataa. Hapo maneno huanza: je, ni lazima wote waingie? Na mwenye shamba aweza kuwaamuru, ama kuwakataza?

Jibu ni hapana, kwa yote mawili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama cha wafanyakazi. Na kifungu cha 36 chasema mtu asilazimishwe kujiunga na chama cho chote. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo yakataza kumfukuza mtu kwa sababu ameingia chama, au kwa sababu amekataa kuingia, au ametoka. Mkulima akikosa hapo, mahakama yaweza kumwamuru alipe fidia ifikayo mishahara ya miezi 12. Fidia kama hiyo yaweza kumeza bonasi yote ya chai.

Basi, ada hukatwaje? Chama humletea mwajiri fomu yenye sahihi ya mfanyakazi mwenyewe, na mwajiri huanza kukata katika muda wa siku 30. Pasipo sahihi, usikate hata senti moja. Na ukikata, fedha hizo si zako. Zipeleke zinakotakiwa, wala usizikopeshe ng'ombe chakula. Mfanyakazi akitaka kutoka, humwandikia mwajiri barua, na ada hukoma kuanzia mwezi unaofuata. Nakala ya barua hiyo mwajiri huipeleka kwa chama.

Kuna jambo moja linalowatatiza wengi. Chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, mwajiri hana budi kukitambua. Kikisha kufanya mapatano ya mishahara, na mapatano yakaandikishwa mahakamani, chaweza kumwomba Waziri atoe amri ili hata wasio wanachama wakatwe malipo ya uwakala, maana nao hupata nyongeza ile ile. Mtu akitoka chamani huanza kukatwa malipo hayo mara moja.

Wako wasemao kwamba huko ni kulazimishwa kwa mlango wa uani. Neno hilo lina uzito wake, kwa sababu mlipaji huyo si mwanachama na hana kura ya kuchagua viongozi. Lakini wenzake waliotoa ada wakisumbukia mapatano wangeonaje kama yeye angekula bure? Sheria imeshika njia ya katikati: mfuko waweza kuguswa, lakini jina halilazimishwi kuandikwa.

Katika mashamba mengi madogo ya skimu hakuna mapatano kama hayo, wala amri ya Waziri. Basi karani akikuambia "wakate wote", mwombe kwanza akuonyeshe amri hiyo. Asipokuwa nayo, kata wale waliotia sahihi tu, na jambo lenye shaka lipeleke kwa Afisa wa Kazi kabla ya siku ya mshahara.