Tunzo, Mshahara na Mrabaha: Msamiati wa Riziki ya Mwanamuziki, kwa Kuangalia Songea

1.0 Utangulizi

Tarehe 27 Februari kila mwaka, mjini Songea, hukumbukwa mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Ngoma, ikiwamo lizombe ya Wangoni, ni sehemu ya kumbukumbu hizo. Watazamaji husifu umahiri wa wachezaji. Ni nadra kuuliza wachezaji hao wanaishije. Aulizapo mtu, hujibiwa: "Wanapenda wenyewe." Makala haya yanajadili jibu hilo. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kina maneno matatu makuu ya malipo ya mwanamuziki, na kila moja hubeba uhusiano tofauti kati ya anayetoa na anayepokea.

2.0 Tunzo

Neno ngoma hutaja ala, uchezaji na mkusanyiko wenyewe. Kwa hiyo mtazamaji yumo ndani ya ngoma. Hayuko nje yake kama mnunuzi. Katika mganda wa mwambao wa Ziwa Nyasa, vikundi vya vijiji hualikana na kushindana, na wenyeji huwalisha wageni. Mwenyeji wa leo ni mgeni wa kesho, na malipo huzunguka bila kuitwa malipo.

Kitenzi kinachohusika hapa ni tunza (au tuza). Kwa upande mmoja tunza ni kuangalia na kuhifadhi. Kwa upande wa pili ni kumpa zawadi mwimbaji au mchezaji. Iwapo hii ni polisemia au homonimia ni suala la mjadala, lakini katika matumizi maana hizi mbili hukaribiana: anayemtunza mwimbaji kwa noti humlea pia. Hata hivyo, tunzo ina masharti mawili. Mtoaji sharti awepo, na atoe kwa hiari. Asipotoa, hana deni.

3.0 Mshahara

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi ya NUTA Jazz. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Mwaka 1978 iliundwa Mlimani Park, ambayo baadaye ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Kwa utaratibu huo, kupiga muziki kulihesabiwa kuwa kazi yenye mwajiri. Lakini aliyeacha kazi aliondoka na sauti yake tu, gitaa lilibaki. Aidha, redio ilipozifikisha nyimbo hizo Songea, msikilizaji aliyezipenda hakuwa na njia ya kumtunza mwimbaji aliyekuwa Dar es Salaam. Mapenzi yalisafiri, tunzo haikusafiri. Mageuzi ya kiuchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliudhoofisha utaratibu huu wa ajira.

4.0 Mrabaha

Pengo hilo ndilo lililokusudiwa kuzibwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999. Mrabaha, neno lenye mzizi wa Kiarabu unaohusu faida, hauhitaji mtoaji awepo wala apende. Kisarufi tofauti iko wazi: mwimbaji hutunzwa, lakini mrabaha huudai. Katika sentensi ya kwanza yeye ni mtendwa. Katika ya pili ni mtenda.

Tatizo ni kwamba mrabaha humtafuta mtunzi. Nomino hii, licha ya kufanana na tunza, hutokana na tunga, kama mjenzi atokanavyo na jenga. Je, nani alitunga lizombe? Sheria hiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na chini ya hakishiriki humtambua pia msanii mtendaji, ambaye ridhaa yake inahitajika kabla ya utendaji wake kurekodiwa. Lakini anayeinua simu na kurekodi ngoma hudhani kuwa bado yumo katika mkusanyiko ule wa zamani, ambamo kutazama hakukuwa na deni, ilhali picha ile itatazamwa na maelfu wasiokuwapo.

5.0 Hitimisho

Suala hili linatuhusu sisi watafiti kwanza. Katika daftari langu la uwandani, chini ya rekodi ya lizombe niliyoifanya Songea, nimekuta sentensi moja: "Tuliwatunza." Sikuandika kiasi, wala tulipatana nini, wala nani aliridhia. Rekodi ile ilizaa mihadhara na makala, na mimi nililipwa mshahara. Waliocheza walipata soda.

Tunzo haina kosa, na haifai kufutwa. Kosa ni kuitumia mahali panapostahili mapatano. Mwanafunzi wa uzamili aendaye uwandani na aulize kabla ya kuwasha kinasa sauti: rekodi hii itatumika wapi, nani ameridhia, na mtendaji atapata nini? Majibu yaandikwe katika tasnifu pamoja na jina la ngoma. Kwamba wachezaji wanapenda wenyewe ni kweli. Nasi pia tunaipenda isimu, na hakuna aliyewahi kututaka tuifundishe kwa soda.