Maniema: Kujiua kunarithiwa katika ukoo? Sayansi inasema nini

Mtu akijiua kijijini, iwe Kasongo ao Kabambare, maneno hayakawii. Wamoja wanasema amelogwa, wengine wanataja laana ya ukoo. Hata posa inaweza kuvunjika kwa sababu babu wa binti alikufa hivyo. Waganga wa hospitali nao wamejiuliza kwa miaka mingi kama kuna kitu kinachopita katika damu.

Kipo, kwa sehemu. Ila si laana.

Mwaka 1979, watafiti walichapisha uchunguzi wa Denmark juu ya watu waliolelewa na wazazi wasiowazaa, kisha wakajiua. Kati ya ndugu zao wa damu 269, 12 walijiua pia. Kwa watu wa kulinganishwa nao, walikuwa 2 tu kati ya ndugu 269. Katika familia zilizowalea, hakuna hata mmoja. Kwa hiyo mtoto hakuwa anaiga tu aliyoyaona nyumbani.

Marekani, kati ya wakulima Wakristo wanaoitwa Amish, watu 26 walijiua katika miaka 100. Karibu robo tatu walitoka koo 4, na karibu wote walikuwa na depresio, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ao ugonjwa unaofanana nayo. Lakini koo zingine zilikuwa na wagonjwa wengi vilevile, na hakuna aliyejiua. Hapo ndipo penye maana: depresio ni kitu kimoja, mwelekeo wa kujiua ni kingine, na vinaweza kurithiwa mbalimbali.

Je, ni jeni gani? Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2023 ulilinganisha zaidi ya watu 43,000 waliojaribu kujiua ao waliokufa hivyo, na wengine zaidi ya 900,000. Zilionekana sehemu 12 za urithi, kila moja na nguvu ndogo sana. Hakuna jeni moja ya kujiua, wala kipimo cha damu cha kuitambua. Anayewauzia kipimo hicho anawadanganya. Tena wengi waliopimwa ni wenye asili ya Ulaya. Jirani yetu Uganda wameanza kuchunguza jeni hizi kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Masomo ya mapacha yanaweka sehemu ya urithi kati ya asilimia 30 na 55. Inayobaki inatoka katika maisha: vita, ubakaji, madeni, ugonjwa, pombe. Wakaaji wa Salamabila, kati ya machimbo ya dhahabu na watu wenye silaha, hawahitaji kufundishwa hilo.

Historia ya familia ielezwe kwa muuguzi wa kituo cha afya, kama vile tunavyomwambia juu ya sukari ao presha. Ukoo unaoficha unamnyima mgonjwa nafasi ya kutunzwa mapema, na depresio inatibika. Hospitali ya Sosame, inayotunza magonjwa ya akili, iko Bukavu, mbali na kwa barabara mbaya; basi wa kwanza kuona hatari ni watu wa nyumbani.

Ndugu akisema amechoka kuishi, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Msimwache peke yake, sumu ya shamba na dawa zipelekwe kwa jirani, kisha mfuatane naye mpaka kituoni siku ileile.