Kona za Mbamba Bay: Taa ya Oili Isiwaharibie Wikiendi

Ijumaa jioni, begi liko kwenye buti, muziki umeshachaguliwa. Kesho asubihi wewe na mpenzi wako mnatoka Mjimwema, Songea, kwenda kula upepo wa Ziwa Nyasa pale Mbamba Bay. Siku hizi ni lami tupu: mnapita Mbinga, halafu kilomita 66 za milima na kona hadi ziwani. Mnaanzia zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na kuishia chini ya mita 500. Kwa wapendanao, raha tupu. Kwa injini yenye oili pungufu, ni noma!

Kona inafanya nini?

Oili hukaa kwenye sampu, lile bakuli lililo chini ya injini. Pampu huinyonya kupitia mdomo mmoja ulio karibu na sakafu ya bakuli. Sasa hebu fikiria umebeba karai la maji, ukakata kona ghafla: maji yote yanakimbilia upande mmoja. Oili nayo ni hivyo hivyo. Ikiwa ya kutosha, mdomo wa pampu unabaki umezama. Ikiwa imepungua, pampu inavuta hewa. Sekunde chache tu, chuma kinasagana na chuma, beringi zinakwisha, injini inanoki.

Madereva wa mashindano wanalijua hili vizuri, maana wao hukata kona kwa kasi kubwa. Ndiyo maana magari yao mengi huwekewa vizuizi ndani ya sampu ili oili isihame, na mengine hutunza oili kwenye tangi la pembeni kabisa. Gari lako la kwendea kazini halina mambo hayo. Silaha yako ni stiki na mguu mwepesi.

Kabla ya kuondoka

Paki sehemu tambarare, zima injini, subiri dakika kama kumi. Chomoa stiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Oili iwe karibu na alama ya juu. Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1, na hiyo lita ndiyo inayookoa injini kwenye kona. Lakini usizidishe! Oili ikizidi sana, kranki huipiga ikawa povu, na pampu inavuta hewa vilevile.

Beba kopo la lita 1 la oili ya aina ileile. Injini iliyochoka hula oili, hasa mnaposhuka mlima mrefu kwa gia ndogo.

"Honey, hiyo taa..."

Hapa ndipo penzi linapopimwa. Dada anaona taa nyekundu yenye umbo la kibuyu cha oili ikimulika kwenye kona. Anasema. Kaka anajibu, "Tulia mama, ni taa tu, hili gari nalijua." Jamani, taa hiyo haisemi oili inakaribia kupungua. Inasema presha imeshaanguka! Na ikiwaka kwenye kona kisha ikazima barabara ikinyooka, ndiyo dalili yenyewe.

Punguza mwendo taratibu, tafuta sehemu salama, simama, kisha zima injini. Usiizime gari likiwa kwenye mwendo, maana usukani utakuwa mzito na breki ngumu. Subiri, pima, ongeza. Taa ikibaki inawaka, msiendeshe tena. Tafuteni wa kuwavuta.

Kubalianeni mapema: yeyote atakayeona taa akisema "simama", dereva anasimama. Mabishano baadaye, tena mkiwa mmekaa kivulini. Haijalishi nani kasomea magari au jina la nani liko kwenye kadi ya gari. Injini ikifa, pesa inatoka mfuko mmoja: ule wa kodi ya nyumba, ada ya mtoto, au kile kiwanja mlichokuwa mnakidunduliza. Na zamu ya kupima stiki isiwe ya mmoja. Leo wewe, safari ijayo yeye.

Haya, safari njema. Mkirudi, mtuletee dagaa wa Nyasa!