Gesi Huoshwa, Je, Taka Zake Huenda Wapi?

Mama afuapo nguo mtoni hufurahi akiziona zinang'aa. Maji machafu yamekwenda zake na mto, wala hayafikirii tena. Lakini chini ya mto yuko mwenzake achotaye maji ya kunywa. Tuliweke neno hili moyoni tunaposoma habari za viwanda vinavyoosha, si nguo, bali gesi.

Gesi ya kuwaka itokayo chini ya ardhi ni mara chache itoke safi. Mara nyingi imechanganyika na gesi mbili zenye tabia ya asidi. Ya kwanza ni kaboni dioksidi. Hii imo hata katika pumzi zetu, na ikiwa kidogo haidhuru; lakini watu wa Goma na Sake wanajua jinsi inavyojilaza mabondeni, ikawa mazuku, ikaua mbuzi na mchungaji wake. Ya pili ni haidrojeni salfidi, yenye harufu ya yai viza. Asili yake ni kiberiti, yaani madini yale ya manjano, si njiti za kuwashia moto. Hii ni kali kupita ya kwanza, tena ina hila: ikiwa kidogo pua huisikia, ikizidi huifisha pua, mtu akadhani imekwisha, kumbe ndipo inapomwua. Zote mbili ni nzito kuliko hewa, na zikikutana na maji hula chuma cha mabomba. Kwa sababu hiyo gesi haifai kupelekwa majumbani kabla ya kuoshwa.

Mpagazi asiyechoka

Mwaka 1930 Mmarekani R. R. Bottoms alipewa hati ya uvumbuzi kwa njia yake ya kuosha gesi, na hata leo viwanda vingi huifuata. Dawa itumikayo ni ya jamii ya etanolamini, iliyochanganywa na maji. Twajua kwamba ukali wa ndimu hutulizwa na maji ya majivu. Etanolamini iko upande wa majivu, gesi zile mbili ziko upande wa ndimu, zikikutana hushikamana.

Kazi hufanyika katika minara miwili ya chuma. Katika mnara wa kwanza gesi chafu huingia chini ikapanda. Dawa humiminwa juu, yenye joto la nyuzi 40 hivi, ikashuka sahani kwa sahani. Zikipishana, dawa huzinyakua zile gesi mbili, nayo gesi ya kuwaka hupita salama hadi juu. Kisha dawa yenye mzigo hupelekwa katika mnara wa pili, ikachemshwa hadi nyuzi 120 hivi. Kwa joto hilo mkono wake hulegea, mzigo hutuliwa, nayo dawa hupozwa na kurudi kazini. Ni kama mpagazi: hubeba, hutua, hurudi kubeba.

Lakini mzigo umetuliwa wapi? Hapo ndipo penye hatari, maana sumu iliyokuwa imetawanyika katika gesi nyingi sasa imekusanywa mahali pamoja.

Machozi ya Poza Rica

Mji wa Poza Rica, nchini Meksiko, ulilijua jambo hilo kwa msiba. Kiwanda cha huko kiliiondoa haidrojeni salfidi katika gesi, na mtambo mpya wa kuigeuza kuwa kiberiti ulikuwa umeanza kazi. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1950 mtambo uliharibika, sumu ikatoka bila kuungua. Ukungu ulikuwa umetanda, upepo ulikuwa hafifu, na nyumba za watu zilikuwa karibu. Kwa muda usiofika nusu saa sumu iliwafikia watu vitandani mwao. Watu 320 walilazwa hospitali, 22 walikufa. Gesi ilikuwa imeoshwa vema. Walioko chini ya mto ndio waliolipa.

Sumu yageuka mali

Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba 1951, Wafaransa waliipata gesi nyingi huko Lacq, karibu na mji wa Pau, katika kina cha mita 3,500 hivi. Katika kila sehemu 100 za gesi hiyo, 15 hivi zilikuwa haidrojeni salfidi. Chuma cha kawaida kilivunjika mbele yake kama kijiti kikavu. Iliwabidi wataalamu kutafuta kwanza chuma cha kuistahimili, kisha kujenga kiwanda cha kuosha, wakitumia dietanolamini. Kazi ilianza mwaka 1957.

Nayo sumu haikutupwa. Waliifuata njia iliyotokana na ile ya mkemia Carl Friedrich Claus, ya mwaka 1883: theluthi moja ya sumu huchomwa, na moshi wake hukutanishwa na theluthi mbili zilizobaki, hapo huzaliwa maji, na kiberiti cha manjano. Ufaransa ikawa muuzaji mkubwa wa kiberiti. Lakini hakishikwi chote: masalio huchomwa na moshi hutoka, basi ulinzi hauna siku ya kupumzika.

Siku hizi kiberiti kingi kiuzwacho duniani hutokana na kuosha gesi na mafuta. Huko kwetu Katanga, viwanda vya shaba na kobalti huchoma kiberiti ili kupata asidi ya kuyeyushia madini. Gunia la manjano lipitalo barabarani kwenda Kolwezi laweza kuwa lilianza safari yake kama sumu katika kisima cha ng'ambo.

Basi, enyi wazazi, kiwanda kikija karibu na kijiji chenu, msitazame tu taa zake na mishahara yake. Ulizeni: Mnachokiondoa mnakipeleka wapi? Usiku mitambo ikiharibika, nani yuko macho? Na upepo uvumapo, huelekea nyumba za nani? Anayejua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Atakuwa na majibu tayari.